Uanagenzi bila malipo, kibarua cha kulipwa au mradi wako mwenyewe: mwanafunzi wa chuo achague kwa vigezo gani?

Likizo ndefu inapokaribia, mwanafunzi wa chuo ambaye hajapata nafasi ya mafunzo yenye malipo hubaki na njia tatu za kutumia miezi yake miwili au mitatu. Ya kwanza ni kukubali uanagenzi usiolipwa katika taasisi inayohusiana na fani yake, akiahidiwa uzoefu na, mambo yakienda vizuri, barua ya kumsifu. Ya pili ni kutafuta kibarua chochote chenye ujira, hata kama hakihusiani na anachosomea. Ya tatu, ambayo wengi huisahau kwa sababu haina ofisi wala kitambulisho cha kuvaa shingoni, ni kufanya mradi wake mwenyewe au kumsaidia mhadhiri katika utafiti. Aliyepata nafasi ya kulipwa ndani ya fani yake hana sababu ya kuendelea kusoma makala haya, aichukue. Makala haya ni ya yule ambaye bado anajikuna kichwa.

Uanagenzi usiolipwa una gharama, na anayezibeba ni mwanafunzi au mzazi wake. Kwa hiyo anayeukubali yuko katika nafasi ya mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kuuliza anauziwa nini kabla hajatoa chake. Wanafunzi wengi huona aibu kuuliza, kana kwamba wamefadhiliwa, na aibu hiyo ndiyo huwaponza.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote tatu zitapimwa kwa mambo matano: unachojifunza na ni nani anayekufundisha, gharama halisi, ushahidi unaobaki mkononi baada ya kumaliza, watu unaofahamiana nao, na ulinzi wa sheria. Kwa maoni yangu viwili vya kwanza vina uzito kuliko vingine, kwa sababu makosa katika hivyo hayafidiwi na cheti kizuri wala jina kubwa la taasisi.

Unachojifunza na anayekufundisha

Tofauti kati ya uanagenzi mmoja na mwingine ni kubwa kuliko tofauti kati ya uanagenzi na kibarua. Wachukue wanafunzi wawili wa uhasibu wanaoanza siku moja katika ofisi mbili. Wa kwanza anakabidhiwa taarifa ya benki ya mwezi uliopita pamoja na daftari la fedha la kampuni, na anaambiwa aoanishe miamala mmoja baada ya mwingine hadi salio zilingane. Hazilingani. Anatafuta hadi mchana, anagundua hundi iliyoandikwa daftarini ambayo aliyepewa hajaiwasilisha benki, makato ya huduma ambayo hayakuingizwa, na malipo ya msambazaji mmoja yaliyorekodiwa mara mbili. Kisha msimamizi anavuta kiti, anamuuliza kila tofauti imetokea wapi, ipi inahitaji kusahihishwa vitabuni na ipi itajisawazisha yenyewe hundi ikishalipwa. Wa pili anapokea wageni, anatoa nakala, anapeleka bahasha posta, na saa tisa alasiri anaambiwa anaweza kwenda nyumbani. Wote wawili wataandika sentensi ileile katika wasifu kazi wao, lakini swali la kwanza la kitaalamu kwenye usaili litawatenganisha.

Mahakama za Marekani zimelazimika kulitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1947, katika kesi ya Walling dhidi ya Portland Terminal, Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu waliokuwa wakijifunza kazi ya breki za treni kwa siku saba au nane hivi hawakuwa waajiriwa wa kampuni ya reli. Sababu mojawapo ni kwamba uwepo wao haukuharakisha shughuli za kampuni, na wakati mwingine uliichelewesha. Sijaona kipimo kilicho rahisi kuliko hicho. Anayekufundisha hupoteza muda wake kwa ajili yako; ofisi isiyocheleweshwa hata kidogo na ugeni wako haielekei kuwa na mtu anayekufundisha.

Mwaka 2011 wanagenzi wawili waliofanya kazi katika utayarishaji wa filamu waliishtaki kampuni ya Fox Searchlight Pictures. Jaji aliamua mwaka 2013 kwamba walistahili kuhesabiwa kama waajiriwa, lakini mwaka 2015 mahakama ya rufaa ilitengua uamuzi huo na kuelekeza kiangaliwe nani ananufaika zaidi na mpango mzima, mwanafunzi au mwajiri. Wizara ya Kazi ya nchi hiyo ilikipokea kipimo hicho Januari 2018 pamoja na mambo saba ya kuzingatia, na baadhi yake yanaweza kugeuzwa maswali ya kuuliza popote duniani. Je, mafunzo yanafanana na yale ambayo ungeyapata darasani au maabara? Je, yameunganishwa na masomo yako, kwa alama au kwa somo rasmi? Je, ratiba inaheshimu kalenda ya chuo? Je, muda wake unakoma pale kujifunza kunapokoma? Na lililo zito kuliko yote: je, kazi yako inasaidia kazi ya wanaolipwa, au umewekwa mahali pa mtu ambaye angelipwa?

Kibarua cha kawaida hakikufundishi fani, na hakuna anayedai hivyo. Kinafundisha mambo mengine ambayo waajiri huyalalamikia sana kwamba wahitimu hawana: kufika kwa wakati siku ya mvua, kuzungumza na mteja aliyekasirika bila kukasirika naye, kukabidhi fedha za mauzo zikiwa kamili. Udhaifu wake ni kwamba masomo hayo huisha mapema. Baada ya wiki kadhaa unakuwa umeyajua karibu yote ambayo nafasi hiyo inaweza kukufundisha, na kinachobaki ni ujira.

Mradi wa binafsi hufundisha kwa kina kuliko vyote viwili, kwa sharti moja gumu: awepo mtu wa kukusahihisha. Mwanafunzi wa kompyuta anayeandika programu peke yake kwa miezi mitatu anaweza kurudia kosa lilelile mara mia bila kujua kuwa ni kosa. Ndiyo maana kumsaidia mhadhiri, au kuchangia programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma na kuziboresha, na ambazo msimbo wake hupitiwa na wengine kabla ya kukubaliwa, kuna faida kuliko kujifungia chumbani.

Gharama halisi

Hesabu ifanywe kwenye karatasi. Uanagenzi wa wiki 10, siku tano kwa wiki, ni siku 50 za kwenda na kurudi, yaani nauli mara 100, mlo wa mchana mara 50, bando la intaneti kama ofisi haitoi, na nguo za ofisini ambazo mwanafunzi huenda hana. Kama taasisi iko mji mwingine, ongeza kodi ya chumba. Baada ya hapo weka kile ambacho ungekipata kwenye kibarua kwa wiki hizohizo 10, kwa sababu fedha usiyoipata ni gharama sawa na fedha uliyoitoa mfukoni. Jumla ya hapo ndiyo bei ya uanagenzi wako. Wengine wakiiona wataona inalipa. Wengine watagundua kuwa inakaribia ada ya muhula.

Bei hiyo huwachuja watu kabla hata ya usaili. Mwaka 2015 habari za kijana wa New Zealand aliyekuwa akilala kwenye hema jijini Geneva huku akifanya uanagenzi usiolipwa katika Umoja wa Mataifa zilienea duniani kote, na mjadala ukawa mkali: ni nani anayeweza kumudu kufanya kazi bure katika mojawapo ya miji ghali kuliko yote? Shirika la Kazi Duniani lilikuwa tayari likiwapa wanagenzi wake posho, na Shirika la Afya Duniani lilianza kufanya hivyo mwaka 2020. Ikulu ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi iliwapokea vijana bila kuwalipa, ilianza kuwalipa mwaka 2022. Kwa mwanafunzi anayechagua leo, habari hizi zina maana ya vitendo: taasisi kubwa zimebadilika zilipobanwa, kwa hiyo kuomba angalau nauli na chakula cha mchana si utovu wa adabu. Ofisi nyingi ambazo hazina fungu la mishahara ya wanagenzi zina fungu dogo la matumizi ya ofisi, na jibu la ombi hilo litakuonyesha pia jinsi wanavyokuthamini.

Kibarua, kwa kigezo hiki, hakina mpinzani, ingawa nacho kina gharama zake: uchovu, na kishawishi cha kuendelea nacho muhula ukianza hadi mahudhurio darasani yanayumba. Mradi wa binafsi unagharimu kidogo, mara nyingi vifaa na intaneti tu, lakini hauingizi kitu, na asiye na anayemlisha hataumaliza.

Ushahidi unaobaki mkononi

Hapa ndipo takwimu zinapokinzana, na inafaa kuzisoma polepole. NACE, chama cha Marekani kinachowaunganisha maofisa wa ajira vyuoni na waajiri, kiliwahoji wanafunzi waliokuwa wakihitimu mwaka 2013. Miongoni mwa waliofanya uanagenzi wenye malipo, waliopata angalau ofa moja ya kazi walikuwa asilimia 63.1. Kwa waliofanya usiolipwa ilikuwa asilimia 37, na kwa wale ambao hawakufanya uanagenzi wowote asilimia 35.2. Kwa maneno mengine, waliojitolea bila malipo hawakuwazidi sana wale ambao hawakufanya uanagenzi kabisa.

Upande mwingine, katika mwaka huohuo wa 2013 watafiti wa Marekani walituma maombi ya kazi ya kubuni zaidi ya 9,000 kwa waajiri wa sekta za biashara, wakibadilisha taarifa za waombaji ili kuona zipi zinavutia. Waliotajwa kuwa walifanya uanagenzi waliitwa kwenye usaili mara nyingi zaidi kwa asilimia 14 hivi. Kumbuka kwamba wasifu kazi kwa kawaida hauonyeshi kama mtu alilipwa.

Matokeo haya mawili hayapingani kama yanavyoonekana. Uanagenzi wa kulipwa uko kwa wingi katika uhandisi, fedha na kompyuta, ambako ajira zenyewe ni nyingi, na kampuni inayolipa huchagua watu inaotarajia kuwaajiri. Usiolipwa umejaa katika sanaa, habari, mashirika yasiyo ya kiserikali na ofisi za umma, ambako nafasi za kudumu ni chache hata kwa aliye hodari. Vilevile, anayelipwa hupewa kazi yenye maana, kwa kuwa hakuna meneja anayependa kulipa mshahara ili mtu atoe nakala. Ninachokiona ni kwamba ukosefu wa malipo wenyewe haukuharibii sifa, ila mara nyingi ni dalili ya kazi isiyo na uzito. Uanagenzi usiolipwa unaokuachia ripoti yenye jina lako, habari iliyochapishwa au hesabu ulizozifunga una thamani kamili kwenye usaili. Usiokuachia kitu chochote cha kuonyesha utabaki kuwa mstari mmoja wa wasifu kazi.

Kibarua nacho huacha ushahidi kikielezwa vizuri. Mwanafunzi aliyeanza kama msaidizi wa duka na baada ya mwezi akakabidhiwa funguo na kufunga hesabu za siku ana jambo la kusema kuhusu uaminifu ambalo mwanagenzi wa mapokezi hana. Mradi wa binafsi una ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa kuwa msaili anaweza kuufungua na kuukagua mwenyewe, lakini uwe umekamilika. Mradi wa nusu njia hauhesabiki.

Wanafunzi wa kompyuta wajue pia kwamba kuna mipango inayounganisha mradi na malipo. Google Summer of Code, ulioanza mwaka 2005, huwalipa posho watu wanaochangia programu huria wakiwa popote chini ya msimamizi. Outreachy hufanya hivyo pia na hupokea waombaji kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo wa kazi zisizo za kuandika msimbo kama uandishi wa miongozo na usanifu. Ushindani ni mkali, na waombaji wanaofua dafu ni wale walioanza kuchangia mapema.

Watu unaofahamiana nao

Katika kigezo hiki uanagenzi unaongoza, na hakuna haja ya kulizungusha jambo hilo. Kuna fani, kama uandishi wa habari, sheria na kazi za mashirika ya maendeleo, ambamo nafasi hujulikana midomoni kabla hazijatangazwa, na aliyekaa miezi miwili ofisini husikia. Lakini kufahamiana huko huhitaji ufanye kazi mbele ya watu. Anayewekwa chumba cha majalada peke yake hatajulikana hata akikaa mwaka. Kibarua humpa mwanafunzi mtu wa kumdhamini kitabia, na utafiti chini ya mhadhiri humpa mtu wa kumdhamini kitaaluma, ambaye anayetaka kuendelea na shahada ya pili atamhitaji kuliko meneja wa ofisi yoyote.

Ulinzi wa sheria

Mwanafunzi asiyelipwa anaweza kujikuta nje ya ulinzi ambao mwajiriwa wa ngazi ya chini kabisa anao. Mwaka 2013 jaji mmoja jijini New York aliamua kwamba mwanagenzi aliyedai kusumbuliwa kingono na bosi wake hakuweza kuendelea na dai hilo, kwa kuwa hakuwa akilipwa na hivyo hakuwa mwajiriwa machoni pa sheria ya jiji. Uamuzi huo uliwashtua wengi, na mwaka uliofuata jiji na jimbo la New York vilibadilisha sheria zao ili kuwalinda wanagenzi wasiolipwa.

Nchi zinatofautiana. Nchini Ufaransa, mafunzo yanayozidi miezi miwili katika mwaka mmoja wa masomo lazima yalipiwe posho. Nchini Uingereza, mwanagenzi anayefanya kazi kama mfanyakazi anastahili kima cha chini cha mshahara, isipokuwa mafunzo hayo yakiwa sehemu ya lazima ya kozi yake ya chuo na hayazidi mwaka mmoja. Popote ulipo, kabla ya kuanza, uliza chuo kama kina mkataba na taasisi hiyo, nani atakayelipia matibabu ukiumia kazini, na malalamiko yanapelekwa kwa nani. Majibu yawe kwa maandishi. Kibarua, kikiwa na mkataba, huwa na ulinzi ulio wazi zaidi. Kisipokuwa nao, mwanafunzi anaweza kufanya kazi mwezi mzima na kuzungushwa ujira wake. Mradi wa binafsi hauna hatari za namna hii, ila ukiufanya chini ya mhadhiri kubaliana mapema kama jina lako litaonekana kwenye chapisho.

Njia ipi kwa hali ipi

Kama uko mwaka wa kwanza au wa pili, hujawahi kuingia ofisi ya fani yako, unaishi na familia na taasisi iko karibu, uanagenzi usiolipwa wa wiki sita hadi nane una maana, hasa ukitajiwa msimamizi kwa jina na kazi mbili au tatu utakazofanya. Una maana pia kwa anayeshuku kama fani aliyochagua inamfaa. Kugundua mapema kwamba kazi ya mahakamani hukuipendea ila kwenye tamthilia ni faida, hata kama inauma.

Kama tayari umefanya mmoja bila malipo, wa pili wa aina hiyohiyo nisingeushauri. Umeshalipia mlango, sasa tafuta wa kulipwa, au geukia mradi unaoonyesha kwamba ulichojifunza unaweza kukifanya mwenyewe.

Kama unajilipia ada au kuna ndugu wanaokutegemea, chukua kibarua bila kujiona umeshindwa. Ukiweza, iombe taasisi unayoitamani ikupokee siku moja au mbili tu kwa wiki. Nyingi hukubali kwa sababu hazina kazi ya siku tano ya kukupa hata hivyo.

Kama fani yako hutoa kazi inayoweza kuonekana, kama programu, usanifu wa michoro, picha au uandishi, mradi uliokamilika mara nyingi utakufikisha mbali kuliko uanagenzi wa kupitisha barua. Kama unataka kubaki chuoni na kufanya utafiti, nenda kwa mhadhiri mapema, kabla hajagawa nafasi.

Kama unasomea ualimu, uuguzi au kazi za ustawi wa jamii, mafunzo kwa vitendo kwa kawaida ni sharti la kuhitimu na huna uchaguzi wa kuyaacha. Unachoweza kuchagua ni kituo, na pengine muda. Serikali zimeanza kuona uzito wa jambo hili: Australia, kuanzia Julai 1, 2025, huwapa posho wanafunzi wa ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii wenye uhitaji wakati wa mafunzo yao ya lazima. Ulizia kama nchi yako au chuo chako kina mfuko wa namna hiyo, kwa sababu huenda upo bila wewe kuusikia.

Na kama tayari umeanza uanagenzi na wiki mbili zimepita ukitoa nakala tu, nenda kwa msimamizi na ombi mahususi badala ya lalamiko. Taja kazi moja uliyoiona ikifanywa na mwingine, omba uifanye chini ya uangalizi wake, na pendekeza siku. Akikubali, utakuwa umeibadilisha likizo yako kwa mazungumzo ya dakika kumi. Wiki ya nne ikiisha bila mabadiliko, kijulishe chuo, omba barua ya muda uliotumikia, na ondoka kwa heshima ukatumie wiki zilizobaki kwa kibarua au mradi.